Kopo la Meno

Pale Rujewa, kwenye benchi la kahawa la mzee Yohane, mkabala na mashine ya mpunga, hakuna jambo lililowahi kukosa mjuzi. Mwaka huo, sabini na saba, walikuja madaktari wa meno wa kujitolea, vijana wa Mbeya na wazungu wawili, wakawa wanawatibu watoto bure pale zahanati. Leo mchana walikuwa wanaondoka. Maganga, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alikuwa ameng'ang'ania kikombe kimoja tangu asubuhi. Binti yake Nyamizi yuko nyumbani, shavu limevimba, ugali haupiti. Jana alimfikisha foleni, akaona kila jino linalong'olewa linatupwa kwenye kopo la maziwa, akamshika mkono wakarudi. Kwao jino la mtoto hurushwa juu ya paa la nyumba ya baba yake, ndipo jingine lije. Lisiporushwa, je? Aliogopa, na aliona aibu kuogopa.

— Ulifanya la maana, — alisema Limbu, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. — Mimi najua yanakokwenda. Yanasagwa, yanakuwa dawa ya mswaki. Ule weupe wake unadhani unatoka wapi?

— Redio, betri zimekwisha! — alidakia Lutengano, ambaye kwa ubishi wake walimwita Wakili. — Ulaya wazee hawana meno, peremende zimeyamaliza. Wanapandikizwa ya watoto wetu. Saa hizi kuna bibi huko anatafuna nyama kwa jino la mtoto wa Ubaruku!

— Dogo hivyo litatafuna nini? — aliuliza Limbu.

— Linakuzwa, wana mashine. Ndiyo maana na mimi mwanangu Jailos nilimtoa foleni. Analia, lakini meno anayo. Akiba haiozi, bwana!

— Si limeoza ndiyo maana analia? — aliuliza mzee Yohane.

— Mzee, wewe mimina kahawa.

Limbu hakukubali kushindwa.

— Na hii reli ya kwenda Zambia, mnadhani ilijengwa ibebe nini?

— Meno?

— Mabehewa kwa mabehewa! Haba na haba hujaza kibaba.

Wakacheka wote isipokuwa Maganga. Kilio cha Nyamizi cha jana kilikuwa bado masikioni mwake, na ng'ambo ya barabara, pale zahanati, madaktari walishaanza kupakia masanduku kwenye Landrova.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Iringa, Matilda, na kikapu chake, akingoja basi.

— Samahanini, baba zangu, kwa kuingilia. Mlipowaomba hilo jino, walisemaje?

Redio ikazimika. Wakili akachungulia kikombe chake, kilikuwa kitupu.

— Kuomba? — alisema Maganga.

— Ndiyo, baba. Si la mtoto wako?

Maganga alinyanyuka, kahawa akaiacha. Walimwona anakata mbio kwenda kwake, kisha anarudi na mtoto mgongoni, anaivuka barabara, anasimama mbele ya Landrova iliyokwisha kuwashwa. Kijana mmoja akashuka, akateremsha sanduku.

Mzee Yohane alikuwa anasuuza vikombe Maganga aliporudi, jasho linamtoka. Nyamizi mdomo umekwenda upande kwa ganzi, mkono kaukunja. Aliukunjua: jino, ndani ya pamba.

— Umewaambiaje? — aliuliza Limbu.

— Nimewaambia, nipeni jino la mwanangu.

— Wakasema?

— Wakasema, chukua.

— Basi?

— Basi. Naenda kwangu, tukalirushe.

Limbu alimgeukia Wakili, akitaka neno. Wakili alikuwa amesimama, anatazama barabara ya Mbeya. Landrova haikuonekana tena, vumbi lake tu.

— Hivi, — aliuliza taratibu, — walisema watarudi lini?

Hakuna aliyejua. Mzee Yohane akatikisa birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.