Karani Smati Aenda Kuposa

Basi la Pangani lilipotoka Tanga, Mwanamkasi alikuwa amebanwa dirishani, lakini masikio yake hayakubanwa. Mbele yake karani mmoja mwenye tai alikuwa akimwambia Bi Mwatumu, mama asiyemjua, kwamba meneja wa shamba la mkonge anakofanya kazi humwita "smati".

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Mwerevu na nadhifu, bibi. Hapo kale Waingereza walilitumia kwa kitu kinachouma, kama jeraha. Likawa la wepesi, kisha la akili, sasa hata la mavazi."

"Kwako naona limeishia kwenye mavazi." Mwanamkasi aliuma upindo wa kanga asicheke. Bi Mwatumu akaendelea, "Na huko Kigombe unakoshukia wafuata nini?"

"Naenda kumposa binti wa Mzee Mwinyijuma."

"Mshenga wako yuko wapi?"

"Mshenga ni wa wasiojua kusema. Mimi smati, nitajisemea."

Wanawake wa nyuma waligeukiana kana kwamba mtu ametukana. Basi likasimama Kigombe. Karani alishuka, akanyoosha tai, akauliza njia.

"Nifuate," alisema Bi Mwatumu, akijitanda buibui taratibu. "Mwinyijuma ni kaka yangu. Washenga wa binti huyo nawapokea mimi, shangazi mtu."