Mbwa Aliyerudisha Ng'ombe

Wapapa na wamama, kabla sijasema kitu, niangalieni mikono hii. Muliizoea ikibeba mbao hapa Walikale. Leo nitawaambia kazi ingine iliyofanya, na nitaisema yote, kwa sababu mutoto wangu ameketi pale kwenye benchi ya mbele na yeye anajua nikidanganya.

Sisi tulitoka upande wa Mushaki. Nilikuwa nalima viazi na maharagi, na nachunga ng'ombe za watu kule mulimani. Nilikuwa na mbwa mumoja, Bobi. Siku risasi zilianza kuanguka ndani ya mashamba, tulipakia chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma: matela ya kulalia, sufuria, gunia ya maharagi, na binti yangu wa miaka tatu juu ya yote, anakumbatia kikapu chake cha simbilisi mbili. Mama yangu alitembea kwa miguu. Mama watoto alibeba nguo. Mimi nilisukuma.

Kwetu, mutu akikimbia vita, mbwa anabaki amefungwa mulangoni, ili mwizi afikiri kuko watu. Nikamufunga Bobi. Lakini muvulana wangu, alikuwa na miaka munane, alirudi nyuma akamufungua. Nilipomuona mbwa njiani nikakasirika. Mama yangu akanicheka. Alisema: "Wacha, mwanangu. Hata imbwa inaogopaka masasi." Nikawacha.

Tulitembea siku ine, tukapita Masisi. Barabara munaijua, matope mupaka kwenye magoti. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, tulisikia ng'ombe zinakuja kwa mbele. Watu wa bunduki walikuwa wanaziswaga, ng'ombe za kuiba. Tukaingia haraka ndani ya matete, na chukudu yetu na yote. Nilimuziba binti mudomo. Watu walikuwa wameanza kupita, hawakutuona.

Bobi akaona ng'ombe zinaenda na watu asiowajua. Akaruka barabarani. Akazizunguka, akazing'ata miguu, akazirudisha zote kule zilikotoka. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna siku alifanya kazi muzuri kama ile.

Kisha akatukimbilia kwenye matete, na wao wakamufuata mupaka kwetu. Walinipiga na vitako vya bunduki mupaka nikasikia mbavu zinavunjika. Mumoja akamushika muvulana kwa nywele. Mama yangu akasimama katikati yao, muzee mwenye uzito wa kuku, akasema: "Huyu ni wangu, umuachilie." Yule wa bunduki alimupiga kichwani mara moja. Hakulia. Alianguka tu, na kitambaa chake kikabaki kwenye matete. Walichukua chukudu, walichukua matela, hata kikapu cha simbilisi walimunyang'anya mutoto mikononi.

Tulimuzika na jembe ya kuazima. Udongo ulikuwa haujakauka, na mimi nilimugeukia muvulana wangu, nikamupiga ngumi ya uso. Nikamuambia: "Ni weye ulifungua imbwa. Weye njo uliua mama yangu."

Nilisema vile kwa mutoto wa miaka munane, juu ya kaburi.

Tulifika hapa. Muwindaji mumoja akatupa chumba nyuma ya nyumba yake, bila kutuuliza kabila wala kanisa. Na mimi mule ndani ya chumba nilikuwa vita ya pili. Bobi akipita mbele yangu, nampiga muvulana. Mutoto akimwaga maji, nampiga. Mama watoto alijaribu kuingia katikati, nikamutoa jino. Mukimuona anaziba mudomo akicheka, ni mimi. Muvulana akaacha kusema. Alianza kukojoa kitandani. Hata nikinyoosha mukono kuchukua chumvi, anakinga kichwa na mikono yote mbili. Na mimi, nisikilizeni vizuri, hiyo ilinikasirisha zaidi.

Siku moja ya Posho, ndiyo Jumamosi, saa sita ya muchana, alikuja mbele yangu. Amemufunga Bobi kwenye muti wa papai. Anaburuta panga langu. Akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu wiki mbili: "Papa, nimechoka. Njo miye niliua tate, mama yako. Unikate miye, lakini umuache Bobi."

Nililichukua lile panga. Sitawadanganya. Nililiinua.

Muwindaji alikuwa anatoka porini na mbwa zake. Muko munajua zile kengele za mbao wanazozifunga shingoni, na vile wanazijaza majani zisilie wakati wanataka kunyamaza. Hakuna aliyemusikia. Alinikunja mukono mupaka bega ikalia, nikaanguka kifudifudi matopeni, na yeye akakaa juu ya mugongo wangu. Munamujua, si mutu mwepesi. Mama watoto akamuelezea yote huku analia, ng'ombe, matete, kaburi.

Akasikiliza. Kisha akauliza, bado ananikalia: "Imbwa zangu ziko sita. Ng'ombe ikipita, haziangaliake hata. Hii yenu ilienda rudisha ng'ombe juu ya sababu gani? Nani aliifundisha?"

Mama watoto akajibu: "Ni yeye. Tangu iko kadogo. Anapiga muluzi, inarudisha ng'ombe, anaipa bugali mukononi. Alikuwa anajisifu mu quartier yote, kwa majirani wote."

"Basi," akasema, "tukihukumu sawa vile unahukumu, njo weye uliua mama yako. Sasa nani atakukata, weye?"

Ndugu zangu, nililia na matope ndani ya mudomo. Kwa sababu nilikuwa najua. Tangu siku ile ya matete nilikuwa najua mbwa ni kazi ya mikono yangu. Na nilikuwa najua vilevile aliyemupiga mama yangu ni mutu wa bunduki, si mbwa, si mutoto, wala si mimi. Lakini yule wa bunduki nilimuogopa. Niliogopa waliomuua, nikapiga yule nisiyemuogopa.

Aliponiachilia, nilipiga magoti mbele ya mutoto wangu. Nilimuambia: "Haukuua mutu. Ni mimi nilimufundisha Bobi, na hata mimi sikuua. Nilikudanganya juu ya kaburi." Alimufungua mbwa, wakaenda. Ilikuwa haki yake.

Musifikiri ilikwisha siku ile. Miezi mingi alikuwa bado anakinga kichwa. Nilikuja hapa kila Posho, munajua, nimekaa kule nyuma karibu na mulango, wapapa wa kikundi hiki wakaniuliza kila mara bila haya: "Wiki hii umepiga nani?" Mara moja nilijibu "nimepiga ukuta," mukacheka, na mimi nikacheka. Nawashukuru. Namushukuru muwindaji, bega ingali inaniuma mvua ikitaka kunyesha. Namushukuru mama watoto, alibaki hata kama nilimupa sababu ya kuenda.

Mwezi uliopita mbuzi za jirani ziliingia kwenye muhogo wetu. Mimi sipigi tena muluzi. Nikasikia muluzi wangu nyuma yangu. Ni muvulana. Bobi akazitoa zote. Mutoto akaniangalia, anangoja. Nikamupa kipande cha bugali, nikamuambia: "Umupatie weye." Akamupatia. Akasema: "Tate angecheka."

Wapapa wenzangu mulio na vita ndani ya nyumba, ninalo neno moja tu kwenu: jiulizeni munamupiga nani, na ni nani munaogopa.

Jana tulikuwa mezani, nikanyoosha mukono kuchukua chumvi. Muvulana wangu aliendelea kula.