Fumbeni Macho, Aliyechukua Arudishe

Sikilizeni wanangu. Ndriana, sogea huku, acha kuegemea mlango kama mtu aliyekuja kudai. Na wewe Bakoly, weka hicho kikombe chini, maji ya ukoko nimeshakunywa ya kutosha. Leo nasema mimi nanyi mnanisikiliza mpaka mwisho, maana nikikatizwa sina pumzi ya kuanza upya. Noro abaki. Najua mtasema mtoto wa miaka sita hakai penye maneno ya wakubwa, lakini maneno haya ni yake, mimi nayarudisha tu.

Ya mali ni mepesi. Jaruba la juu ni la Ndriana, la chini lenye maji ni la Bakoly, na kitanda changu cha kufumia nguo mpeni yeyote atakayekitumia, msikifanye kuni. Nyumba hii ni ya Noro, kwa sababu ndiye pekee aliyeiomba. Juzi alipanda hapa kitandani akaniuliza, "Bibi, ukifa, nyumba itajua?" Nikamwambia nyumba haijui kitu. Akafikiri, akasema, "Basi niachie mimi, nitaiambia polepole."

Bakoly, uliponiletea mtoto huyu akae kwangu awe karibu na shule, nilidhani umeniletea mzigo. Kumbe umeniletea dawa. Siku ya kwanza alirudi, akatundika begi, akasema amemaliza shule. Nikamwuliza amejifunza nini. "Kukaa," akasema. Nilipomwambia kesho anarudi tena, alisikitika kweli kweli: "Kwani leo hawakutosheka na mimi?" Baadaye akaipenda, akaniambia herufi anayoiamini ni ile ya duara, kwa sababu haina mbele wala nyuma, hata ukiiandika umelala haikusengenyi.

Sasa siku moja Sista Klara, yule mtawa aliyetoka ng'ambo na mvua za mwaka huu, akawaambia watoto kila mmoja aeleze habari za babu yake. Wenzake wakasema babu analima, babu anavuta tumbaku. Noro akasimama akasema, "Babu yangu amefungiwa kwenye nyumba ya mawe, hajabadilishwa nguo miaka minane, kwa sababu mama na mjomba hawasemezani."

Hakusema uongo hata kidogo. Lakini Sista wa watu atajuaje? Nilikuwa nachambua mchele, namwona huyo anateremka mbio, blanketi begani, sufuria ya supu mkononi, na nyuma yake mwenyekiti wa kijiji, yule mlaanifu, anayejua kila kitu na hakumwambia neno ili apate cha kuchekea. "Mzee yuko wapi?" ananiuliza, macho yamemtoka. Noro akamshika mkono akampandisha mpaka kwenye kaburi la ukoo, akagonga mlango wa jiwe, akasema, "Babu, una mgeni. Ameleta supu."

Supu tuliinywa sisi. Sista alicheka hadi akatoa machozi, mwenyekiti akakaa chini ameshika mbavu. Kisha Sista akaniuliza taratibu, "Lakini mama, kwa nini miaka minane?" Majirani wote msimu wa baridi wamewatoa wazee wao makaburini, kama desturi yetu, wamewavika shuka mpya, wamecheza nao ngoma na kuwapa habari za mjini. Baba yenu tu ndiye aliyebaki, na mara tatu amenijia ndotoni akisema anasikia baridi. Niliangalia supu.

Ninyi mnalo jibu lenu. Bakoly, siku ya mazishi uliishika shuka aliyofungwa baba yako, ukasema mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto wa kiume wa pekee, aliyeapa kuleta hariri, amemfunga baba yake kwa nailoni. Na wewe Ndriana ukaapa hutasimama tena kwenye mlango ule wa kaburi pamoja na dada yako. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune; ninyi mmenilimisha miaka minane na kapu langu tupu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi kiniumbue. Ndriana alileta hariri, Bakoly. Hariri ya porini, nzito, nyekundu, iliyofumwa vizuri hata mimi nisingeweza. Na mimi tangu usichana nafuma hariri ya kuwazika wafu wa watu wengine, sijawahi hata kujitandia moja begani. Nilipoachwa peke yangu nimfunge baba yenu, mikono yangu ilikataa kuipeleka chini ya ardhi. Nikasema hatajua. Nikatoa nailoni yangu, nikaificha ile sandukuni. Wewe Ndriana ulinitazama mara moja tu, ukajua, ukafumba mdomo. Umebeba aibu yangu miaka yote hii, nami nilikuacha uibebe. Ninaona haya. Nakupenda na ninaona haya.

Wiki iliyopita Noro alifungua sanduku akitafuta kitambaa cha kufutia kibao chake. "Bibi, hii ya nani?" Ya babu yako. "Mbona unayo wewe?" Nikageukia ukutani. Hakuniuliza tena. Akaanza kunipa habari za shule, kwamba chaki nyekundu ilipotea, na Sista akawaambia wote wafumbe macho, atahesabu mpaka kumi, aliyechukua arudishe mezani na hataulizwa. Nikamwuliza, ikarudi? "Zilirudi mbili, Bibi." Nani alizirudisha? "Sijui, nilikuwa nimefumba. Ila mkono wangu mmoja ulikuwa mwekundu."

Halafu akanikunjia ile shuka vizuri, akaniambia, "Ukitaka, nitakuhesabia."

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Msimu wa baridi ukifika fungueni mlango wa babu yake Noro. Mvikeni hariri yake, na mimi mniweke ubavuni pake na nailoni, inanitosha. Bakoly, usimwombe kaka yako radhi kwa maneno marefu. Yeye ashike ncha moja ya shuka, wewe ushike ya pili, mkaze. Wapiga filimbi waiteni wale wenye kelele. Noro aje na kibao chake, amwonyeshe babu yake herufi ya duara. Ameshaniambia, "Ukisikia baridi, Bibi, sema kwa sauti, maana asubuhi niko shule."

Mungu na wazee waliotangulia wawape mpunga mzito na vicheko ndani ya nyumba. Mvi zenu ziote mkiwa mnasemezana.

Haya. Fumbeni macho, wote wawili. Noro, nipe hiyo shuka... iko chini ya mto. Anza kuhesabu, mama, polepole, mkono wa Bibi ni mzito. Anaruka saba kila mara, msimsahihishe... Bakoly, usichungulie, tangu utotoni unachungulia. Nyosheni mikono. Hapo... hapo. Kila mmoja na ncha yake.

Amefika kumi? Basi fumbueni, wanangu. Yangu nayaacha hivi hivi yamefumba. Nawasikia.