Mama Waya na Simu Isiyopokelewa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa simu, mwanamke tuliyemwita Mama Waya, maana hata mkoba wake wa kwendea harusini ulikuwa na koleo ndani. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua, umri ukiwa bado mbichi.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha mitambo ya simu za makampuni. Niieleze polepole, maana hata mimi nilielezwa mara mbili. Kampuni ina kiwanda huku, ghala kule, na duka katikati ya mji. Kila mahali pana mtambo wake wa simu. Mama Waya aliifunga mitambo hiyo pamoja kwa laini za kampuni yenyewe, ikawa kama vyumba vya nyumba moja. Mtu wa ghalani anabonyeza namba tatu tu, simu inalia mezani kwa mtu wa dukani. Haipiti kwa opereta.

Haipiti kwa opereta. Hapo ndipo palipouma.

Aliitwa kuunganisha kiwanda cha magodoro. Opereta wa kiwanda hicho, aliyepokea na kuelekeza kila simu kwa miaka mingi, alikuwa mama mkwe wake. Ndiyo, wasikilizaji, mama mzaa mume. Na walikaa nyumba moja.

Mama Waya hakumficha. Alimwambia kabla hajagusa hata skrubu. Mama mkwe mwenyewe ananisimulia:

"Nilimwuliza, 'Mwanangu, nyaya zote za dunia umezimaliza, zimebaki zangu?' Akasema, 'Mama, nikikataa watamleta mwingine, na huyo hatakuamkia asubuhi.' Nikanyanyuka. Sikusema naye tena."

Hakusema naye tena. Shikamoo ya mkwe ilijibiwa na mlio wa sufuria. Mume akageuzwa tarishi. "Mwambie mkeo chumvi imekwisha," na mke amesimama papo hapo, chumvi ameishika mkononi.

Kazi ikaisha. Meneja akafurahi. Opereta akaambiwa mwisho wa mwezi afungashe.

Lakini Mama Waya alikuwa amekosea. Simu isiyopokelewa kiwandani aliielekeza ghalani, akijua ghalani kuna mtu. Isiyopokelewa ghalani akaielekeza kiwandani, akijua kiwandani kuna mtu. Saa ya chakula wote wakatoka. Simu moja ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, na kila ikizunguka inashika laini nyingine. Laini zikajaa. Kampuni nzima ikawa bubu, na malori yakasimama getini bila kujua yapakie nini.

Alikiri kosa lake mbele ya meneja. Akasema simu iliyomkosa mwenyewe isirushiwe mtambo mwingine. Itue kwa mtu aliyekaa, anayejua nani yuko wapi.

Meneja akamkodolea macho. "Mtu huyo asije akawa mkweo."

"Ndiye. Anazijua sauti za madereva wote, hata wanaodanganya kwamba gari limeharibika."

"Unampendelea."

"Bosi, hata salamu yangu haitikii! Ningetaka kujipendelea, ningeacha afukuzwe, ahamie kwa binti yake, nami nipumue."

Meneja akacheka mpaka akavua miwani. Opereta akabaki. Alibaki kwenye kiti chake hadi alipostaafu.

Nilimwuliza mama mkwe, siku hiyo ulimshukuru vipi?

"Kushukuru? Na kiburi changu kile? Aliporudi jioni nilimwuliza, 'Umekula?' Akasema, 'Bado, mama.' Nikamwambia, 'Basi nawa mikono.' Akanawa huku analia. Mimi nikajifanya natafuta kijiko."

Tangu hapo hawakununiana tena. Ugonjwa ulipokuja, ni mama huyu aliyemuuguza.

"Mwishoni hakuweza kula chochote," anasema. "Lakini kila jioni niliendelea kumwuliza kama amekula. Ningenyamaza, angedhani nimemnunia."

Kwa mume aliyebaki, kwa watoto wao wawili, na kwako mama uliyemzika mkweo badala ya yeye kukuzika wewe: poleni. Poleni sana. Mungu awape nguvu ya kesho, na ya keshokutwa.

Na wewe unayenisikiliza huku umemnunia mtu wa chumba cha pili, usitafute maneno makubwa. Punguza sauti ya redio. Nenda kamwulize jambo dogo tu. Sisi tutakusubiri.