Papa Zihindula, Mwongozaji Aliyetupoteza Vizuri

Tarehe 30 Novemba 2018, baada ya miaka kumi na sita ya kuongoza wageni kwa baiskeli katika vilima vya mizabibu vya Dowa, hapa Malawi, Papa Zihindula Lwaboshi anastaafu. Magoti yake yalistaafu zamani, ila hakuna aliyeyasikiliza.

Madame Béatrice, mwenye kampuni, ameniomba mimi Nduwayo, fundi wa karakana, niandike wasifu huu, kwa kuwa kila rimu aliyoipinda Papa ilinyooshwa na mikono yangu. Ameniomba pia niandike kwa heshima. Nimemjibu kwamba nitajitahidi.

Papa alizaliwa Bukavu, akakulia Kadutu, na kwa miaka mingi alitunza sakristia ya parokia yao. Alipiga kengele, alikunja kanzu za mapadri, na alihakikisha divai ya misa haijaharibika. Alihakikishaje, hilo ni kati yake na Mungu. Vita vilimfikisha Malawi mwaka 2001. Alipanga chumba Kawale, mtaa wa mji mkuu, akauza rozari na mishumaa sokoni, akawa anawabishia wateja wanaotaka kupunguziwa bei kana kwamba wanamkufuru Bikira Maria.

Mwaka uliofuata kampuni yetu ilifungua ofisi ndogo Area 47, mtaa wa matajiri mjini humo. Tulitafuta mtu wa kuwatembeza watalii kwa baiskeli katika mashamba ya zabibu na masuku, yale matunda ya mwituni ya huku, ambako wakulima wanakamua divai na wageni wanaonja. Alitakiwa awe anajua Kifaransa, Kiswahili, Kichewa cha kuombea maji, divai, na baiskeli. Papa alikuwa na vyote isipokuwa hicho cha mwisho.

"Kinga unajua kuendesha?" Madame alimuuliza, akimwonyesha baiskeli zilizoegemezwa ukutani.

"Madame," Papa alijibu, huku amejishika kifua, "mi njo nilizaliwa juu ya kinga."

Akaajiriwa hapo hapo. Jumamosi yake ya kwanza alifika mbele ya wageni wanane, akaishika baiskeli kwa pembe kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani, akatangaza kwamba kwa desturi ya nchi za mizabibu, kilima cha kwanza hupandwa kwa miguu, kuiheshimu mizabibu. Wageni walitembea. Mmoja alivua kofia. Kilima cha pili kilipofika, Papa alisema hicho nacho kina heshima yake. Vijana wa kabaza, wenye kubeba abiria kwa baiskeli, waliwapita wakicheka hadi karibu waangushe wateja. Jioni wageni walimwambia Madame kwamba hawajawahi kuona safari ya baiskeli yenye utulivu kama ile.

Aliyemwokoa ni Goreth Irangabiye, Mrundi aliyekuwa akisambaza maandazi Kawale kwa baiskeli, beseni nyuma, mwavuli begani. Alimkuta Papa kwenye uwanja wa mpira, chini, baiskeli juu yake.

"Papa, hiyo baiskeli inakupanda we ao we njo unaipanda?"

"Nasali," Papa alisema.

"Amka. Angalia mbele! Macho yako iko kwa tairi, njo maana unaangukaka kwa tairi."

Alimfundisha kwa mwezi mzima. Katika mwezi huo Papa aliingia kwenye meza ya nyanya, kwenye kundi la waimba kwaya, na mara mbili kwenye mlango wa kinyozi yule yule. Mwishowe alijua kwenda mbele. Kukata kona kulichukua muda zaidi, na kusimama bila kutumia ukuta alijifunza baada ya harusi. Ndiyo, alimwoa. Goreth anasema alikubali kwa sababu alishachoka kumwokota.

Kwenye divai, Papa alikuwa mtu mwingine. Hakuwa na maneno ya wataalamu, alikuwa na kalenda ya Kanisa. Angeonja, angefumba macho, na wageni wangesubiri hukumu. Divai nzuri ilikuwa ya Pasaka. Ya wastani ilikuwa ya Jumapili ya kawaida, mvua ikinyesha. Ya Bambo Kachigamba, mkulima mkubwa upande wa Madisi, aliionja mbele ya wageni kumi na wawili, akameza kwa shida, akasema, "Hii ni ya Ijumaa Kuu. Saa tisa."

Bambo Kachigamba alimfukuza shambani na kumkataza kurudi. Msimu mzima tulipita mbali na shamba lake. Baadaye mzee huyo aligundua kwamba wageni wanakuja wenyewe kuiulizia ile divai ya Ijumaa Kuu, wakitaka kujua ni mbaya kiasi gani. Akaliandika jina hilo kwenye chupa. Akamwita Papa tena, wakapatana, ingawa hadi leo kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeomba msamaha.

Kuhusu njia, nitasema ukweli kwa sababu wote mnaujua: Papa alipotea kila msimu. Alikataa ramani, akidai ramani zinawachosha wageni. Tumewahi kumpata kwenye kinu cha mahindi, kwenye ubatizo wa watu asiowajua, na kwenye shamba la tumbaku ambalo aliwaambia wageni ni zabibu za aina adimu.

Mwaka 2012 mambo yaliacha kuchekesha. Ilikuja amri kwamba wakimbizi wanaoishi mjini warudi kambini. Papa na Goreth walifunga chumba chao cha Kawale, wakapakia magodoro, beseni na sanamu ya Mama Maria kwenye lori, wakaenda kambi ya Dzaleka. Kutoka huko mpaka Area 47 si mwendo wa kwenda na kurudi kila siku, na kutoka kambini kulihitaji kibali. Madame alienda kumwona. Nilikuwepo, nimebeba baiskeli ya Papa.

"Papa Zihindula, nitafanya nini?" Madame alisema. "Wageni banaanzia mjini. We uko huku."

Papa alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alilizungusha gurudumu la ile baiskeli kwa kidole. Kisha akasema, "Kama mi siwezi kufikia njia, basi njia inifikie mi."

Alitaka safari zianzie Dzaleka, zipande vilima, zimalizikie kwa Kachigamba. Kibali cha siku moja angeweza kukiomba. Wakulima hawakupenda. Bambo Kachigamba alisema wazi kwamba mgeni akianza na kambi hatakuwa na hamu ya divai. Madame naye alikuwa na mawakala watatu wa safari kutoka ng'ambo waliokuwa njiani kuja kuijaribu njia. Wakiikataa, kampuni ingeajiri mtu mwingine na kubaki mjini. Papa aliahidi mambo mawili: kwamba wageni watakutana naye nje ya kambi, barabarani, wasiingie ndani, na kwamba hatapotea.

Inafaa mjue ni kwa nini lile la kwanza lilikuwa rahisi kwake. Miaka yote hiyo aliwaambia wageni kwamba ana nyumba Area 47, yenye geti, bustani na mbwa. Mbwa huyo alikuwa na jina.

Siku ya majaribio mbingu ilikuwa safi mpaka saa tano. Mvua ya kwanza ya Novemba ikashuka kwa hasira, njia zikawa uji mwekundu, na Papa akachagua njia ya mkato. Mimi nilikuwa nyuma na pampu na viraka. Tulipanda, tukashuka, tukavuka mto ambao nina hakika tulikuwa tumeshauvuka. Mama mmoja wa makamo kati ya mawakala, jina lake Ingeborg, alianguka kwenye tope, akaamka, akaanguka tena. Alasiri tuliona mapaa ya bati mbele yetu.

"Madisi hiyo," Papa alisema.

Haikuwa Madisi. Ilikuwa Dzaleka. Tulikuwa tumeingia kwa nyuma.

Hapakuwa na pa kujificha. Goreth alitutokea mlangoni, akawatazama wale wageni watatu waliofanana na matofali mabichi, akawavuta ndani mmoja mmoja. Majirani walileta taulo na viti. Goreth aliwapa divai yake ya ndizi, aliyojifunza kwa mama yake Burundi, na usipa wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa ambao watu wa Kivu wote hapa wanawaita sambaza, kama wale wa ziwa la kwao, ili wajifariji. Ingeborg alikunywa bilauri ya kwanza na ya pili. Akauliza kama kituo hiki kiko kwenye ratiba.

"Bien sûr!" Papa alianza. "Hapa ni kwa rafiki yangu mumoja, mi mwenyewe nakaa Area 47, niko na..."

"Zihindula," Goreth alisema taratibu, "wacha bongo, unabadanganya. Hata mbwa huna."

Mvua ilipiga bati. Papa aliangalia mikono yake, kisha akamgeukia yule mama.

"Tumepotea, Madame," alisema kwa Kifaransa, na sauti yake haikuwa ile ya kuonja divai. "Mimi ndiye niliyewapoteza. Na hapa ndipo kwangu. Huyu ni mke wangu. Nilikuwa naona haya."

Ingeborg alisukuma bilauri yake mbele. "Hii," aliuliza, "kwa kalenda yako ni ya siku gani?"

Papa hakuwa amewahi kuihukumu divai ya mke wake. Si mjinga kiasi hicho. Alionja. Akafumba macho. "Pentekoste," alisema. "Kila mutu anasema lugha yake, na bote banaelewana."

Mawakala waliikubali njia kwa sharti moja, kwamba safari imalizikie pale pale, kwa Goreth. Tangu mwaka ule imekuwa hivyo. Wageni huonja kwa Kachigamba mchana na kurudi Dzaleka kwa chakula. Majirani wa Papa, Warundi na Wakongo, walipata kazi ya kupika, kuosha baiskeli na kuimba, hata wale ambao ilikuwa heri waoshe baiskeli tu. Kijana Havyarimana, anayepokea uongozi wa njia wiki hii, alianzia hapo. Yeye ana ramani. Tutamzoea.

Sasa Papa anapumzika. Mwezi uliopita nilimkuta amepiga magoti nyuma ya nyumba akichimba shimo. Bambo Kachigamba alikuwa amempa kipande cha mzabibu. Tangu afike Malawi, Papa hajawahi kupanda kitu kinachozidi msimu mmoja, kwa sababu, alisema, yuko njiani tu. Nilimuuliza mzabibu unachukua muda gani kuzaa.

"Miaka mitatu. Mine pengine." Alipangusa udongo mikononi. "Itanikuta."

Mbuzi wa jirani aliula siku iliyofuata. Papa alirudi kwa Kachigamba, akapewa mwingine, na safari hii amejenga ua wa miiba.

Zikomo, Papa Zihindula, kwa kila kilima ulichotupandisha na kila kilima ambacho hakikuwa kwenye mpango. Maman Goreth, asante kwa kumwokota. Ishini kwa amani, muwe na afya, kivuli kikue, na mbuzi akae mbali.