Rangi Niliyorusha kwa Mkono wa Kisahani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hata na sisi wenye sauti ndogo! Nimeandika ushuhuda huu kwa siku nne, kwa sababu nikisimama mbele yenu maneno hunikimbia.

Nilikuwa mrusha kisahani. Masomo niliachia darasa la nane, lakini nikiingia kwenye duara, nikazunguka na kuachilia, kijiji chetu chote cha Muthara kilipiga kelele. Halafu kwenye mashindano huko Embu, goti likageuka katikati ya mzunguko. Daktari akasema nisirushe tena.

Ndugu zangu, nilijifungia mwaka mzima! Nilitafuna miraa kutwa ili nisifikiri. Mama akileta chakula namwambia, "Mpe mtu mwenye kazi." Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi! Niliamini sina faida tena kwa mtu yeyote.

Siku moja vijana wa kanisa walikuwa wakipaka rangi darasa la watoto. Mama alinivuta mpaka huko. Goti halikubali ngazi, kwa hivyo nilibaki chini nikikoroga rangi. Mwenda, kiongozi wa vijana, akanitania, "Bingwa, pale juu utafika kwa maombi?" Wote wakacheka.

Hasira ikanishika. Nikachovya sponji kwenye rangi nyekundu, nikazunguka kwa mguu mzima, nikaachilia. Ikagonga juu ya ukuta mweupe na kuacha mstari mrefu uliopinda.

"Umeharibu ukuta!" Mwenda akapaza sauti.

Nilitaka kutoroka. Lakini nikaomba kimoyomoyo: Bwana, kama nimeharibu, nisaidie nimalize. Nikachovya bluu. Nikarusha. Kumbe mkono bado ulijua! Kila rangi iliangukia pale nilipotaka. Kufikia saa kumi, Mwenda mwenyewe ndiye aliyenichovyea sponji.

Mchungaji alipokuja, aliuliza, "Hii ni picha ya nini?"

"Si ya kitu, mchungaji. Ni kuzunguka tu."

Mwalimu wa watoto hakupendezwa. "Watoto watauliza ni nini. Nitawaambiaje?"

Mchungaji akautazama ukuta tena. "Wakiuliza, huyu atakuja awajibu."

Haleluya! Mimi, nije niwajibu watoto! Nililia palepale, mbele ya watu.

Sasa kila Jumamosi nawafundisha kurusha rangi. Miraa nimeiacha, ingawa juzi niliinunua nikaitupa nikiwa njiani. Goti Mungu hajaliponya, na bado namwomba. Lakini asante Yesu, naamka nikiwa na pa kwenda!

Wewe uliyejifungia, mwamini Bwana utoke, hata kama unachechemea. Njoo Jumamosi, sponji ziko za kutosha.