Peni Thelathini na Nane za Gaudens Rwegoshora

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Kinondoni, na nyie mliotoka kazini kwa marehemu mkaja na vumbi la bandarini mabegani, maneno ya karatasi hii ni yangu mie mwenyewe, Benedicta, mjane wake, na aliyeyaandika na anayewasomea ni mkwe wetu Fransis, mume wa Jovina, kwa sababu mie kusoma na kuandika kunanishinda, na nimemwambia asiruke mstari hata kama ataona aibu, maana aibu si yake.

Marehemu Gaudens Rwegoshora alizaliwa tarehe 3 Machi 1897 huko Kashozi, Bukoba, mtoto wa tatu wa mzee Rwegoshora na mama Genoveva, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1906 hadi 1910, akatoka na mwandiko ambao kila aliyeuona alidhani umepigwa kwa mashine, na mie niliyesoma miezi minane tu pale Pugu, nikaambulia tarakimu, sala na jina langu, nilikuwa nikiutazama mwandiko huo kama mtu anavyotazama kanga dukani, anaipenda na hawezi kuichukua.

Mwaka 1922 alitembea kwa miguu hadi Tabora, akapanda treni, akafika Dar es Salaam tarehe 9 Juni akiwa ameshika viatu mkononi ili visiishe soli, akaajiriwa na ofisi moja ya wakala wa meli kuwa karani wa kuandika mizigo, na wenzake waliopo hapa wanajua kwamba gunia lililochanika alikuwa akiliona toka mbali kabla wapagazi hawajalishusha, wakamwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko mshahara.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Aprili 1926 kanisani Pugu, ingawa marehemu mama yangu alisema mtu wa Bukoba atanilisha ndizi mpaka niote majani, na ndizi nimekula kweli, majani bado, na Mungu akatujalia watoto watatu, Jovina aliyezaliwa 1928 ambaye ni mwalimu, Didas aliyezaliwa 1931 ambaye yuko reli huko Morogoro, na Sesilia aliyezaliwa 1935 tukamzika kwa surua mwaka 1937, na mwaka uliofuata tukahamia hapa Kinondoni, watu wakatucheka kwamba tumekwenda kuishi na ngedere.

Sasa nifike kwenye peni, kwa kuwa wengi mmezisikia na wachache mmeziona.

Kuanzia mwaka 1929 mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakimwachia marehemu peni kuukuu za kwao, sarafu kubwa za shaba zenye sura ya Malkia wao wa zamani, ambazo hapa kwetu hazikununua hata chumvi, na Mzungu mmoja wa ofisini aliyekuwa akizikusanya kwao akamfundisha kuzishika ukingoni, kutozisugua kamwe, na kuzipanga kwa daraja, kwa maana thamani ya peni ya zamani haiko katika kung'aa, iko katika kubaki kama ilivyotoka kiwandani, na ile iliyobaki hivyo huwa imegeuka rangi ya kahawia yenyewe kwa miaka, na ile inayometameta mara nyingi ni kwamba mpumbavu fulani ameisugua kwa jivu akaiua.

Marehemu alitunga madaraja yake matano kwa kichwa cha yule Malkia, la kwanza nywele zake zote zinahesabika, la pili nywele zimeanza kulala, la tatu limebaki sikio, la nne imebaki pua, la tano kipara kabisa, na jioni akirudi alikaa barazani na kioo chake cha kukuzia akimchungulia mwanamke huyo mpaka ugali unapoa, nikawa namwuliza kama huyo naye amempikia, anajibu, "Huyu hasemi sana, mama Jovina."

Kila peni aliifunga katika kipande cha kaniki pamoja na kikaratasi chenye namba ya daraja na maneno yake, akaandika pia habari zake zote katika daftari, kisha hakuifungua tena miaka na miaka kwa kuogopa hewa, na vifurushi vyote alivitia katika kopo la biskuti, na neno alilonipa lilikuwa moja tu, nisiliguse kopo hilo.

Jicho lake likajulikana mpaka mjini, ikawa Bwana Figueira, Mgoa mwenye duka la dawa, ambaye leo yupo nasi amekaa pale karibu na mlango, anamwita nyumbani kwake pamoja na Wahindi na Wazungu wenye kupenda mambo hayo, wanaweka peni mezani, wanabishana, kisha wanamgeukia karani mweusi wa Kinondoni wanamwuliza, "Wewe unasemaje?", na akisema daraja la pili basi ni la pili, na nyie wenyewe mnajua mtu mweusi wa umri wake aliulizwa mara ngapi na watu wale anasemaje.

Mwaka 1949 akaalikwa kupeleka peni zake zote thelathini na nane zikaguliwe na mgeni mjuzi kutoka Nairobi, Jumamosi tarehe 8 Oktoba, na Alhamisi ya wiki hiyo, marehemu akiwa kazini, jirani yangu Mwanaheri aliingia kuomba moto, akanusa, akasema, "Mama Jovina, hivyo vitambaa vya mumeo vinanuka mafuta ya taa, akivifungua mbele za Wazungu si watadhani mkewe alishakufa?", na Mwanaheri hana kosa, alitania kama anavyotania siku zote, mwenye kosa ni mie niliyelifungua kopo.

Sikuzisugua peni, hilo nililijua, nilisema nitafua vitambaa tu, nikazipanga peni juu ya mkeka kwa mstari, kila moja na kikaratasi chake, nikafua, nikaanika, vikakauka, na nikiwa navianua upepo wa mvua ukaja ukavizoa vikaratasi vyote ukavitupa uani kwa kuku, nikavikusanya vyote bila kukosa kimoja, lakini sasa nilikuwa na vikaratasi thelathini na nane mkono mmoja na peni thelathini na nane mkono wa pili, na maneno yale sikuweza kuyasoma.

Watoto hawakuwepo nyumbani, na Mzee Romani, katekista, nyumba yake ni ya tatu toka kwetu, angenisomea, lakini miaka yote hiyo nilikuwa nimewaambia wanawake wa mtaa huu kwamba barua za mume wangu nasoma mwenyewe, nikaona bora nitumie akili yangu, namba nazijua, nikachukua peni zinazong'aa nikazipa vikaratasi vya moja, zilizofifia nikazipa mbili na tatu, na zile za kahawia, ambazo kwangu zilikuwa chafu, nikazitia kwenye nne na tano, nikafunga vizuri, nikajisifu.

Jumamosi ile marehemu alilibeba kopo kwa baiskeli akiwa na koti lake la harusi, na Bwana Figueira ndiye aliyenisimulia baadaye kwamba mgeni alifungua cha kwanza, akasoma daraja la kwanza, akaona peni iliyosuguliwa kwa mchanga, akafungua cha pili, vile vile, na cha tatu, kisha akafungua cha daraja la tano akamkuta Malkia na nywele zake zote, akacheka, akasema hata mtoto aliyeanza jana hafanyi kosa hilo, na wengine wakacheka, na marehemu alisimama akivitazama vikaratasi, mwandiko ni wake, akasema tu, "Samahani, mabwana," akakusanya vitu vyake.

Alirudi akiikokota baiskeli, hakuipanda, akaniuliza mara moja tu, kwa upole, "Mama Jovina, ulilifungua kopo?", nami nikamjibu, "Mie nina kazi gani na vishaba vyako?", na aliniamini, na hapo ndipo nilipommaliza, kwa kuwa kama si mie basi ni macho yake, na tangu saa ile hakuyaamini tena.

Mtu mwingine angelifungua daftari akalinganisha, yeye hakulifungua, alilifunga pamoja na kopo akaviweka juu darini, na mie nilijua kwamba siku atakapolishusha daftari atanijua, nikawa kila nikifagia natazama juu, nikiona utando wa buibui uko vile vile moyo unatulia, na huo ndio utulivu niliokuwa nao kwa miaka minane.

Januari 1950 alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akasema macho yamekwisha, aondolewe kwenye kalamu asije akaitia ofisi hasara, wakamweka mlinzi wa geti, na majirani mliokuwa mkimletea barua awasomee mnakumbuka alivyowarudisha, akisema nendeni kwa Romani, mie naweza kuwasomea msiba mahali pa harusi, mkadhani anaringa, hakuwa anaringa, na Bwana Figueira alituma mtu mara tatu kumwita, hakwenda.

Mwezi Agosti mwaka huu 1957 alianza kuumwa kifua, tukampeleka hospitali ya Serikali, na daktari aliposikia analalamikia macho alimsimamisha mbali na ubao wa herufi, marehemu akazisoma zote hadi zile ndogo kama chawa, daktari akasema haya ni macho ya kijana, na tulipotoka nje marehemu alicheka kidogo, akasema, "Daktari mwema yule, hawanyimi wagonjwa maneno matamu," na mie nilikuwa nimesimama pembeni yake na bakuli la uji, mdomo ninao, hakuna aliyeuziba, nikamwambia anywe uji usipoe.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, na kabla ya hapo alikaa siku mbili bila kusema, kwa hiyo hata huo mwanya wa mwisho niliuacha ukapita.

Jana nilimwambia Jovina, akapanda akalishusha kopo na daftari, akakaa sakafuni akisoma kila peni ilivyoandikwa, mkwaruzo chini ya kidevu, alama kando ya mwaka, akazirudishia vikaratasi vyake moja moja, na zote thelathini na nane zimekaa mahali pake, hakuna hata moja marehemu aliyoikosea, na tangu alipomaliza Jovina hajanisemesha, wala simlaumu.

Bwana Figueira, kopo liko mezani mbele yako na daftari liko juu yake, tafadhali lichukue, zitazame peni mbele za watu hawa kabla hatujatoka kwenda kaburini, kisha umwandikie yule mgeni wa Nairobi na wote waliocheka siku ile, na jina langu usilifiche.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule daktari aliyesema kweli asiaminiwe, tunawashukuru wenzake wa ofisini na wapagazi waliochonga jeneza, majirani mliolala hapa tangu Jumanne, Mwanaheri aliyenipikia na ambaye baada ya leo sijui kama atanipikia tena, Mzee Romani kwa sala, na Baba Padri, ambaye haya nilipaswa kumwambia yeye kwanza, lakini aliyeaibishwa aliaibishwa mbele za watu.

Baba Jovina, hukuwa na jicho bovu, ulikuwa na mke mwongo, upumzike sasa, mie bado.